Kalamu Nyekundu na Ng'ombe Mweusi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokuwa na umri kama wako na digrii ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Nilikuwa nimerudi Mpanda kwa treni, na pale mtaani kwetu Kawajense nilihakikisha kila niliyemsalimia anajua nimetoka chuo kikuu. Hakuna aliyeuliza. Nilikuwa najibu tu.

Tulikuwa na kikundi cha waandishi. Neno "waandishi" ni kubwa. Tulikuwa watu watano tuliokutana katika darasa la shule ya msingi, tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani, tukisomeana hadithi. Mimi niliyesomea fasihi nilipewa kazi ya kusahihisha hadithi za wenzangu na kuzichapa ziwe kijitabu. Siku hiyohiyo nilinunua kalamu nyekundu. Hilo linakutosha kunifahamu.

Mmoja wetu alikuwa Minza, fundi cherehani pale sokoni, aliyeishia kidato cha nne. Baba yake ni Msukuma, mfugaji aliyehamia Sitalike na ng'ombe wake miaka ya nyuma. Minza aliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo hadithi yake ilianzia chini ya kiuno na mabega ya mama mmoja wa kwaya. Ilimhusu marehemu mama yake na mwaka wa ukame huko walikotoka. Ng'ombe wanakufa mmoja mmoja. Mama haimbi tena, hata kuongea anaongea kwa shida. Kuna ng'ombe mmoja mweusi ambaye baba anakataa kumuuza. Halafu mchana mmoja, mwishoni kabisa: "Anga likawa jeusi, na mama akacheka."

Basi. Hadithi imeisha.

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Nisikudanganye kwamba nilifurahi, niliumia. Nilikuwa na hadithi yangu ya kurasa arobaini, rangi zote nimezipanga kama nilivyofundishwa: nyekundu ya hatari, nyeupe ya usafi, kijani ya matumaini, nyeusi ya msiba. Katika kurasa zote hizo hakuna mtu aliyecheka ukamsikia. Na huyu mshona magauni, kwa maneno sita tu, alikuwa amenifanya nimsikie mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

Nikachukua kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika: "Nyeusi ni ishara ya huzuni. Inapingana na kicheko." Nilijiona msomi kwelikweli. Nilipokwenda stesheneri kuchapa, ng'ombe mweusi akawa mweupe, na anga likawa jeupe. Sikumwuliza mwenyewe. Nilijiambia huko ndiko kuhariri. Lakini mkono ulijua. Ulichapa harakaharaka, kama wa mtu anayekula cha mwenzake kabla hajatokea.

Kijitabu tulikizindua Jumamosi hiyo niliyokutajia, kwenye ukumbi wa kanisa. Asubuhi ile ndiyo nilimrudishia Minza daftari lake, na hakupata nafasi ya kulifungua. Aliona aibu kusoma mbele za watu, akaniomba nimsomee. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Sitalike, amekaa mstari wa mbele, amevaa koti la suti, fimbo katikati ya magoti. Hakujua kusoma. Alikuja kumsikia mke wake. Nami nikamsomea kwa sauti yangu ya chuo. Kwenye ng'ombe mweupe alikunja uso, nikaendelea mpaka mwisho: "Anga likawa jeupe, na mama akacheka."

Mzee akasimama.

"Soma tena, kijana."

Nikasoma tena.

"Yaani mama Minza alicheka?"

"Ndiyo, mzee."

"Jua linawaka, anga jeupe, ng'ombe wanakufa, na yeye anacheka?" Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mama yako alikuwa kichaa?"

Minza alifungua daftari lake, akaona maandishi mekundu, akaniangalia. Nami nikasema, "Ni makosa ya uchapaji." Watu waliniamini, maana nani hajawahi kuona makosa ya uchapaji? Yeye alifunga daftari taratibu, akamshika baba yake mkono, wakatoka.

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kwenda Sitalike kuomba radhi. Mzee hakunipa kiti. Alinipeleka moja kwa moja zizini.

"Msomi, huyu ana rangi gani?"

"Mweupe."

"Na yule?"

"Mweupe pia."

Alicheka mpaka akashikilia mti wa zizi. Akanitajia rangi zao kwa Kisukuma, na hao weupe wangu wawili walikuwa na majina mawili tofauti, yote mawili ulimi wangu ukayashindwa. Kisha akanyoosha fimbo juu.

"Kwetu mvua inakuja nyeusi. Yule mweusi sikumuuza kwa sababu anafanana na mawingu. Nyeupe ndiyo ilitaka kutumaliza. Hukujua, sawa, hilo si kosa. Kwa nini hukuuliza? Binti anashona pale sokoni, hana hata mlango wa kubisha hodi."

Nikaanza kumwomba radhi.

"Ulimwonea wivu," akasema, bila hasira, kama anataja rangi ya ng'ombe mwingine. "Hebu niambie, huko chuoni kwenu wivu una rangi gani?"

Nilipekua kichwa changu chote. Hawakuwa wametufundisha. Lakini kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati, na nilihisi kama inaonekana mpaka Mpanda mjini.

Nilimweleza ukweli, kisha nikamweleza Minza. Nikachapa upya, nikarudi kusoma uani kwao, majirani wamekaa. Nilipofika kwenye anga jeusi, mzee alicheka kidogo, kama anamjibu mtu. Minza alinimiminia maziwa, akanishukuru. Ila daftari lake hakunipa tena, hata siku moja. Leo yeye ana vitabu, mimi nina makala. Nikiona jina lake kwenye jalada, bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Nimezeeka nacho, tumeshazoeana.

Tangu hapo naandika kwa penseli, na nikitaka kutia rangi kwenye sentensi nasimama kwanza. Najiuliza ni nani anayeiangalia, na amesimama wapi. Mara nyingi naishia kufuta rangi na kumwacha mtu.

Sasa na wewe umeniachia daftari lako mezani. Ukurasa wa pili umeandika jinsi kitenge cha bibi yako kilivyopauka mgongoni tu, mahali watoto walipokuwa wanakaa. Mwanangu, nilipofika hapo mkono wangu ulianza kutafuta kalamu. Nikaukalia. Nimekaa juu yake mpaka ukafa ganzi, na daftari nakurudishia likiwa safi.

Ninachokuomba ni hiki. Siku utakaposoma kazi ya mwenzako ikakuuma, usiguse kalamu. Mwendee umwulize aliona nini. Wivu utakuja tu, usijidai huna, lakini usiuite usahihishaji. Na akija mzee mwenye digrii akakwambia rangi zako zinamaanisha nini, msikilize kwa adabu, halafu mwulize kama amewahi kuziona.

Nenda salama. Mungu akupe macho yako mwenyewe na akuepushe na watu kama mimi nilivyokuwa. Anga la kwenu liwe jeusi, mwanangu, na mama yako acheke.