Msaidizi Aliyejifunza Kusimama Mbele ya Darasa

Saa tatu asubuhi, Lorna Hrbek amesimama mbele ya darasa la tatu, kalamu ya ubao mkononi. Somo ni hesabu za sehemu. Nyuma ameketi Denise Kucera, mtathmini kutoka chuoni, akiandika daftarini.

Mtoto mmoja, Tanner, anaanza kulia juu ya karatasi yake, kwenye swali la nne. Lorna anapiga hatua kumwelekea. Kisha anajizuia.

Hatua hiyo inaweza kumkosesha leseni ya ualimu.

Lorna ana miaka hamsini na moja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa msaidizi wa mwalimu katika mji huu mdogo wa jimbo la Nebraska, Marekani. Kazi ya msaidizi ni kupiga magoti kando ya dawati la mtoto aliyekwama na kumnong'oneza. Mbele ya darasa si pake. Analipwa kwa saa, na shule ikifungwa majira ya joto, halipwi kitu.

Ili awe mwalimu kamili, jimbo linataka shahada, mitihani, kuchukuliwa alama za vidole ili ijulikane kama ana rekodi ya uhalifu, na muhula wa kufundisha akisimamiwa. Shahada anayo. Mitihani alifaulu. Alifeli kufundisha.

Mwaka jana, Denise akimtazama, Lorna alipiga magoti kando ya msichana mmoja, akamwelewesha vizuri kabisa. Wengine wote wakawa wanarushiana vifutio.

"Nilisikia kelele, nikangoja mwalimu awanyamazishe," anasema. "Kumbe mwalimu mwenyewe ni mimi!"

Chuo kilimpa nafasi moja zaidi. Ya tatu hakuna.

Mumewe Gary, fundi wa matrekta, hakumwonea huruma. "Mama, mimi ukinifokea unasimama wima kama nguzo. Wachukulie wale watoto wote ni Gary."

"Wale wanasikia," Lorna alimjibu.

Sasa Tanner anafuta machozi kwa mkono wa shati. Lorna hamtaji jina. Anarudi ubaoni.

"Nani swali la nne limemtoa jasho?"

Mikono inainuka, mmoja, kisha mingi. Wa Tanner unainuka mwishoni. Lorna anachora mkate, anaukata, anawauliza wote. Mara mbili anatazama sakafu, kama mtu aliyechoka anavyotazama kiti. Hapigi magoti.

Kengele ikilia, Denise anafunga kalamu yake.

"Sauti yako bado ndogo, Bi Lorna."

"Najua."

"Itakua. Umepita."

Lorna anaegemea ubao, wino unampaka mgongoni. Hajali.

Mkuu wa shule ameahidi kumpa darasa lake mwenyewe msimu wa vuli, mwaka mpya wa shule ukianza. Tayari Lorna ameomba msaidizi.

"Atapiga magoti, nami nitasimama," anasema. "Lakini kila Ijumaa tutabadilishana. Sitaki naye akae miaka kumi na tisa huko chini."