Maziwa ya Gaju kwenye Musaka

Harufu ya biringanya ikikutana na mafuta ya moto hunirudisha Keza, kijijini kwetu Ngara, bila nauli. Juzi binti yangu alikuwa jikoni kwake, hapa Mwanza, akipika musaka. Oveni yake ina taa ndani, na jibini ameinunua dukani ikiwa imeshakatwa vipande. Ikiyeyuka, inavutika kama ulimbo. Akanigeukia akaniuliza, "Mama, umewahi kula chakula hiki?" Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Mtoto anadhani mama yake alikulia ndizi na maharage tu.

Nawaambieni ninyi, maana yeye simu iliita, akaniacha na hadithi yangu mdomoni.

Baba yangu alikuwa mpishi. Kabla sijazaliwa alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Ngara, lakini badala ya kukata mkonge akaishia jikoni kwa Mgiriki mmoja. Alirudi nyumbani na suti, baiskeli na musaka. Suti ililiwa na mende, baiskeli aliiazima shemeji yake na haikurudi tena, musaka ikabaki.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari utadhani zinasubiri gwaride, mama alipanda biringanya nyuma ya jiko. Majirani walizitazama kwa huruma, kama ua lililokosea likazaa. Chakula chetu walikiita ghorofa kwa sababu ya zile tabaka zake. Mimi sikuwa nimewahi kuona nyumba ya ghorofa, kwa hiyo niliamini kwa muda mrefu kwamba ghorofa zote duniani huanza na viazi chini.

Siku ya musaka mama hakuruhusiwa kushika hata mwiko. Msaidizi wa baba nilikuwa mimi, binti yake Leo. Viazi chini, biringanya zilizokaangwa kwa mawese juu yake, nyanya na vitunguu, biringanya tena, na jibini mwisho kabisa. Kisha kifuniko, na makaa ya moto juu ya kifuniko. Jibini baba aliipata kwa masista wa misheni. "Jibini ni maziwa tu, Leo," aliwahi kuninong'oneza. "Unayachemsha, unatia ndimu, unayakamua kwenye kitambaa." Alinong'ona kwa sababu Bibi, mama yake mzazi, alikuwa anapita uani.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja, Gaju, mwekundu wa kahawia, aliyetokana na ng'ombe wa mama yake na wa bibi yake. Wakati wa kuhama aliacha migomba, akaacha kaburi la mume wake, lakini Gaju alikuja naye akimshika shingo njia nzima. Na maziwa ya Gaju hayakuona moto. Huo ulikuwa mwiko wa wazee wetu: ukichemsha maziwa, unamchoma ng'ombe aliyeyatoa, na kiwele chake kitakauka. Tuliyanywa mabichi au tuliyaacha yagande kwenye kibuyu. Jibini ya masista Bibi aliivumilia kwa sababu, alisema, ng'ombe wa misheni wana mapadre wa kuwaombea.

Halafu vita vikaja, na baba akaondoka na wanamgambo. Masista nao wakaondoka, misheni ikafungwa. Chumvi ikawa kitu cha kufichwa chini ya kitanda. Tulikaa tukisikiliza redio ya jirani mpaka vita vikaisha, na siku moja baba akashuka kwenye lori pale barabarani. Nilimkimbilia nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa sana, na ilipokuja ilikuwa ndogo.

Alikaa kwenye benchi nje ya nyumba, akitazama kilima. Hakuwa mkali. Ila hakula. Mama alimpikia ndizi, akampikia maharage mabichi, akaenda kukopa kuku. Baba alishika tonge, akalirudisha. Mashavu yake yaliendelea kuingia ndani, na mimi niliogopa. Niliogopa hata kumtazama akinawa, kwa sababu nilijua ananawa bure.

"Mama," nilisema jikoni, "tumpikie musaka."

"Bila jibini?"

"Si maziwa tu yanachemsh…"

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Tulichelewa. Bibi alikuwa mlangoni na kibuyu chake.

Aligeuka akaenda kwa Gaju, aliyefungwa kwenye mti wake. Nilimwona ameweka mkono shingoni mwake, ameinamisha kichwa, anaongea kwa Kihangaza, taratibu. Alikaa pale kitambo kirefu. Nilidhani anamtoa kupe.

Aliporudi alisema, "Mama Leo, lete sufuria."

"Ya nini, Mama?"

"Ya kuchemshia."

"Mama, lakini Gaju…"

"Nimesema lete sufuria. *Mwana wanje*, mwanangu, hataki kula."

Akamimina yeye mwenyewe. Mama hakuthubutu. Maziwa yalipoanza kupanda, Bibi aliyatazama bila kupepesa, nami nikakamulia ndimu, tukayaona yanakatika na kugawana, mazito huku, maji kule. Tulichuja kwa kipande cha kanga. Jibini iliyobaki ilikuwa bonge dogo, nikasikitika jinsi lilivyokuwa dogo.

Tukakata biringanya, tukazitumbukiza kwenye mawese. Moshi ukatoka nje.

"Leo." Ilikuwa sauti ya baba, imekwaruza. "Mmezitia chumvi?"

Mama na mimi tuliangaliana. Chumvi tulikuwa tunaibania.

"Hatujatia, Baba."

"Zitakuwa chungu. Zinatiwa chumvi, zinaachwa zitoe maji, ndipo zikaangwe. Nilikufundisha nini?"

Akasimama. Aliinama kupita mlango wa jiko, akaninyang'anya kisu. Mama alikwenda chumbani akarudi na kopo la chumvi, akampa lote, halafu akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimsikia akipenga kamasi kule katikati ya biringanya zake.

Baba alipanga tabaka, akagomba kuhusu ukubwa wa vipande vyangu, akaweka makaa kwenye kifuniko. Alipofunua, jibini ilikuwa kahawia juu, imeshika kingo. Alikula. Alikula mpaka akakwangua sufuria, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kudai ukoko, haki yangu ya msaidizi. Bibi hakuonja. Alikaa kwenye mkeka akimtazama mwanawe akitafuna.

Kabla ya mvua za vuli Gaju alikauka. Bwana mifugo alisema ni uzee, na huenda alisema kweli. Bibi alisema, "Amechoka," basi, na tangu hapo akanywa uji wa mtama usio na tone la maziwa. Baba alikuwa amerudi kwenye jembe lake, anagombana na majirani kama zamani.

Mimi nilikuwa nasoma, najua mambo. Nilidhani Bibi ameelimika, kwamba siku ile alitupilia mbali imani zile za kale. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Niliwahi hata kumpongeza. Alicheka, akanipapasa kichwa, akaendelea kupeta mtama.

Niliolewa, nikazaa, nikakesha na mtoto wangu hospitalini, huku nikijua ni vitu gani ningevitoa ili apone na kwamba nisingeuliza mara mbili. Ndipo nilipomwona tena Bibi amesimama na mkono shingoni mwa ng'ombe wake. Hakuwa akitoa kupe. Alikuwa anamuaga.

Binti yangu alimaliza simu, akanipakulia. "Imekosa nini, Mama?" Nikamwambia haijakosa kitu, mwanangu, ni tamu. Bibi yangu hakuacha kuamini mwiko ule hata siku moja. Aliuamini wote, na bado akasema lete sufuria.