Kinamasi Changu Kwenye Skrini

Mimi ni Torborg wa kijiji cha Granås, nimezaliwa hapa na sijahama. Shule nilikwenda majira sita tu ya baridi, kisha mama akaumia mgongo na ng'ombe kumi na mmoja wakawa wangu. Anayetaka mwandiko mzuri akamtafute mwalimu. Mimi naandika yaliyonipata mwezi wa Mei kwenye ukumbi wa kijiji, kwa sababu yamesimuliwa ovyo na watu ambao hawakujua walichokuwa wakikitazama.

Mwishoni mwa Julai matunda ya kinamasini huiva, mmea mmoja tunda moja, na mahali yanapoota kwa wingi hapasemwi. Hapasemwi kwa jirani, hapasemwi kwa mchungaji wa kanisa, hapasemwi hata kwa mume. Marehemu Sixten niliishi naye miaka arobaini na minne, akala jemu ya matunda yangu kila Jumapili, akafa hajui inatoka wapi. Naye alikuwa na kinamasi chake upande wa mtoni. Sikumuuliza.

Changu nilionyeshwa na mama nikiwa na miaka tisa. Mimi sikujaaliwa mtoto, kwa hiyo nilimwonyesha Annika, binti wa marehemu mdogo wangu, mara moja tu, alipokuwa na miaka minane. Hakuna mwingine. Majken, jirani yangu ng'ambo ya barabara, amekitafuta miaka arobaini. Huangalia matope ya buti zangu kama daktari anavyoangalia ulimi. Mwaka mmoja alinifuata kwa baiskeli, nikampeleka hadi makaburini, nikapalilia kaburi la mtu nisiyemjua mpaka mvua ikamrudisha kwake. Ni rafiki yangu mkubwa, hilo nalo liandikwe.

Sasa Annika ana miaka arobaini na mmoja na anafanya kazi mjini, pwani, kwenye kampuni ya michezo ya kompyuta. Kazi yake ni kutengeneza milima. Ndivyo alivyoniambia, na hakuwa anatania. Mchezo wao mpya ni wa wachawi na majitu, na mtu anaweza kwenda popote apendapo, hakuna wa kumzuia. Milima na maziwa yake waliyaiga ya kwetu. Basi wakaja kutushukuru, wakaweka skrini kubwa kama mlango wa zizi, na kijiji kizima kikakaa kwenye mabenchi.

"Mama mkubwa, shika wewe," Annika akasema, akanipa kile kidude cha kushikwa kwa mikono miwili, wanakiita pedi. "Tunataka mtu ambaye hajawahi kucheza. Utuambie unaonaje, mara ya kwanza hii."

Bosi wake, Joakim, mwanamume mwenye nywele zilizofungwa kisogoni kama mkate wa kusuka, alikaa pembeni tayari kuandika.

"Huyu kwenye skrini ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, bibi. Wewe ndiye shujaa."

"Mbona kichwa wazi? Theluji yote hiyo."

"Kofia utaipata baadaye, ukishawaua mbwa mwitu saba."

"Kofia hufumwa. Andika."

Akaandika. Nikamtembeza yule shujaa, yaani nilimgongesha mti, kisha ukuta, kisha mti uleule, mpaka tukafika kwenye kijiji chao. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Hakuna aliyenisalimu. Mhunzi akaniambia amepoteza nyundo yake, iko nyuma ya mlima ndani ya pango la jitu, niende nikamletee. Bibi mmoja akataka majani ya dawa. Askari akanipa barua nimpelekee ndugu yake.

"Ndugu yake ni yule pale," nikamwambia Joakim. "Namwona. Hatua ishirini."

"Ndiyo, bibi, lakini ukimpelekea unapata nguvu."

"Nimetumwa na watu miaka themanini na mmoja. Sijapata nguvu, nimepata goti bovu."

Watu wakacheka. Eskil wa kiwanda cha mbao akapiga benchi kwa kiganja. Nikaenda kwenye nyumba ya kwanza nikauliza kitufe cha kubisha hodi ni kipi. Hakipo. Cha kuvua viatu? Nacho hakipo. Shujaa akaingia na buti zake mpaka jikoni, akafungua kabati la watu, akabeba jibini, na mwenye nyumba amesimama hapohapo anamwambia leo hali ya hewa ni nzuri.

"Mrudishie jibini lake," nikasema.

"Haiwezekani, bibi. Limeshaingia kwenye mfuko."

Nikatoka nikaenda zizini. Ng'ombe wanne, viwele vimejaa, na hakuna ndoo wala kigoda. Nikauliza wanakamuliwa saa ngapi.

"Hawakamuliwi. Wapo kupendezesha mandhari tu."

"Kupendezesha mandhari. Andika hilo, na chini yake andika jina langu."

Annika alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono. Akaninong'oneza, "Toka kijijini, Mama mkubwa. Fuata ule mshale wa juu. Kuna kitu kizuri."

Nikaufuata mshale. Nikapanda mteremko, nikapita msitu wa misonobari, nikashuka bonde lenye mawe, nikapunguza mwendo. Bonde lile nalijua. Nikaona kibanda cha kuwekea nyasi ambacho paa lake limelala upande wa kusini. Nikaona jiwe bapa unaloruka kabla ya maji, na nyuma yake kile kiziwa kirefu. Na kinamasi changu chote kikawa kinang'aa, matunda kwa maelfu, kila moja na mwanga wake kama mishumaa ya kanisani.

"Haya ni matunda ya uhai," Joakim akawatangazia watu. "Ukiyala, majeraha yote yanapona. Katika ulimwengu mzima wa mchezo yanaota hapa tu, kwa hiyo kila mchezaji lazima afike."

"Wachezaji wangapi?" nikauliza.

"Tunatumaini milioni mbili."

Nilimtafuta Majken kwa pembe ya jicho. Alikuwa benchi la pili, amekunja uso. Lakini Mungu hakunitupa siku hiyo, maana vijana wale walikuwa wameyachora matunda mekundu. Sasa tunda la kinamasini likiwa jekundu ni bichi. Likiiva linageuka rangi ya asali na kulegea. Mtu yeyote aliyekulia Granås anajua, na Majken anayajua matunda kuliko anavyoijua Injili.

"Mekundu hayo ni yale ya msituni," akasema. "Hayaoti kwenye maji hayo, kijana."

Joakim akanigeukia mimi. "Kweli, bibi? Kuna kosa hapa?"

Sijawahi kuona kosa nikaliacha. Nimemsahihisha mchungaji akiwa mimbarini. Ulimi uliniwasha.

"Hakuna," nikasema. "Ni sawa kabisa."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikajua papo hapo kwamba afadhali ningelitaja kosa.

"Torborg," Majken akasema polepole. "Tangu saa nane unamkosoa huyu kijana, hata mikia ya mbwa mwitu hukuiacha. Hapa tu ndipo umekuta kila kitu sawa?"

"Nimechoka."

"Wewe? Umechoka?" Akafungua mkoba, akatoa miwani. "Hebu mgeuze huyo mtu wako kulia kidogo. Nataka kukiona kile kibanda."

Nikamgeuza kushoto, nikamtembeza moja kwa moja hadi kiziwani. Akazama. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba nimekufa, nikashusha pumzi. Halafu akafufuka, na wapi? Mlangoni mwa kibanda. Nikamzamisha tena. Akafufuka palepale. Mara nne nilimuua, na mara nne wakanirudishia kibandani. Mtu anakufa majini, unamrudisha kandokando ya maji yaleyale, hiyo ni akili gani?

"Torborg, tukuletee boya?" Eskil akauliza, na watu wakaangua kicheko.

"Nipe nikusaidie, bibi," Joakim akanyoosha mkono. "Nitawaonyesha eneo lote kutokea juu."

"Sijamaliza."

Majken alikuwa ameshasimama, anasogea skrini na miwani puani. Alibakiza benchi moja. Nikamzamisha shujaa mara ya tano, na skrini ilipokuwa bado nyeusi nikasimama na kusema, "Kahawa inapoa."

Kwa neno hilo hakuna mtu wa Granås anayebaki amekaa. Hata Majken aligeuka. Pedi niliitia kwenye mfuko wa aproni yangu nikaondoka nayo jikoni.

Annika alikuwa anakata mikate ya mdalasini. Nikafunga mlango.

"Umewagawia watu kinamasi cha bibi yako."

"Hakina jina mle, Mama mkubwa. Hakuna atakayekijua."

"Majken ameshavaa miwani."

Akaanza kucheka, akauona uso wangu, akaacha. "Tulihitaji mahali pa kuponea," akasema. "Mimi ndiye niliyepewa kupachora. Nilikaa wiki nzima, sikuweza kuwaza mahali pengine. Halafu nikafikiri, wewe huendi tena. Nilitaka uende, hata kwa vidole tu."

"Nani kakwambia siendi?"

"Jemu ya mwaka jana ilikuwa ya dukani. Nilionja."

Ilikuwa ya dukani. Niliihamishia kwenye chupa zangu mwenyewe, nikabandika karatasi zangu zenye mwandiko wangu. Goti lilikuwa limekataa, mwaka ule na mwaka wa nyuma yake. Nilipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Yahamishe," nikasema.

"Kuyahamisha matunda ni dakika mbili. Bonde libaki, bila matunda wala mshale hakuna atakayelijali. Niyaweke wapi?"

Hapo nilijaribiwa, naandika kweli. Majken ana kinamasi chake nyuma ya kinu cha zamani na anadhani hakuna anayekijua. Nimekijua miaka thelathini. Jina la pale lilinifika ulimini, nikalimeza. Kuna mambo hata mimi siyafanyi.

"Yaweke kwenye bwawa la maji machafu la halmashauri."

"Mashujaa waponee kwenye maji machafu?"

"Waende. Si mashujaa?" Nikachukua birika. "Na rangi yaache hivyohivyo, mekundu."

"Kwani huwa rangi gani?"

Nikaliweka birika chini. Alikuwa ananitazama kama mtoto, ana mvi mbili tatu juu ya sikio, na hajui. Milima yote hiyo ameitengeneza, kila jiwe mahali pake, na hajui. Ningekufa majira yale ya baridi, angekwenda peke yake mwanzoni mwa Julai na ndoo, akachuma mabichi, akayatupa, asirudi tena. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika mbele ya skrini, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu. Kumwonyesha mtu mara moja si kumfundisha.

"Tarehe ishirini na nane Julai," nikamwambia. "Buti za mpira, siyo hivyo viatu vya kitambaa. Utanishika mkono pale kwenye jiwe, na ukimwambia mtu yeyote kwamba ulinishika mkono, nakukana."

Alikuja. Njia ya saa moja tuliimaliza kwa saa tatu, kwa ajili ya goti, na kwa sababu nilimzungusha kupitia bondeni kwa Eskil ili ajifunze kuzunguka asifuatwe. Fimbo yangu ilizama mpaka nusu. Alinivuta kwa mkono wa koti, nikamfundisha kwamba mtu huvutwa kwa kwapa. Mwishowe nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwelekeza. Akachuma jekundu, nikamwambia acha. Akachuma lenye rangi ya asali, likamlegea vidoleni, akalila, akainama tena kutafuta jingine, na hapo nikamsamehe kidogo.

Halafu akatoa simu. Akasema ni picha moja tu, ya rangi, ili safari nyingine asikosee.

Nikamwambia airudishe mfukoni, rangi ataishika kwa kuchuma. Ndoo yake ilikuwa haijafika nusu.