Mwiba wa Siku Mbili

Kijana wangu wa mwisho ana tabia ya kunisogezea simu usoni na kuniuliza, "Mama, hii ni kweli?" Leo kiongozi fulani amekufa, kesho anahutubia. Mimi simu siijui vizuri, ila wasema habari nawajua, maana nusura waniozeshe kwa mume wa mtu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kwetu Kihanga. Mchumba alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Nkwenda, ana meno meupe na baiskeli yenye taa, na mimi, tusifichane, nilikuwa nimeshampenda. Kwetu posa haijibiwi hadi ukoo umpeleleze kijana. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo kazi hiyo ikawa ya mama, aliyekuwa akiuza rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Habari zilikuja kwa watu watatu. Mshenga alisema kijana ni malaika, na shamba lake la migomba halina mwisho. Shangazi yangu, dada wa baba, alikaa Omurushaka kando ya barabara, na kijana alikuwa akipita kwake kunywa chai. "Wifi, huyo ni mpole, mcha Mungu," alimwambia mama, "na haji mikono mitupu." Alikuwa akimletea sukari. Sukari enzi zile ilikuwa adimu, na kilo moja ilitosha kumfanya mtu awe mtakatifu.

Wa tatu alikuwa jirani yetu. Yeye na mama hawakupatana kwa sababu ya mramula, mmea tunaoupanda mpakani, ambao kila mmoja aliapa kwamba mwenzake huung'oa na kuusogeza. Jirani alikuwa akienda gulio la Nkwenda kuuza maharage. Alisimama upande wake wa mpaka, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mpelekeni tu. Atamkuta mwenzake anasugua masufuria, mtoto mgongoni."

Nilicheka. Nikasema huo ni wivu, binti zake hajaja mtu kuwaposa. Mama hakucheka.

"Wivu anao," alisema. "Lakini Nkwenda anaenda."

Wiki hiyo nilichomwa na mwiba shambani, nikalala ndani siku mbili. Mama akaona amepata mtego. Aliwaambia wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yale yale: binti kachomwa mwiba, kalala siku mbili, kapona. Kisha akarudi kwenye pombe yake, ametulia kama mtu aliyefungulia kuku asubuhi akijua jioni watarudi wenyewe.

Ya mshenga ilirudi kwanza, kupitia wanywaji. Binti yule, walisema, hajaumwa hata kichwa tangu azaliwe. Mwiba ulikuwa umepotelea njiani.

Ya shangazi ilirudi kwa miguu. Akina mama wa kanisani kwake walifika na kuku, wakiimba polepole, wakauliza ni mguu upi unaokatwa. Nilitoka kuwapokea nikiwa na miguu yote miwili, na nahisi waliona wamepoteza safari. Tuliwapikia ndizi. Kuku hatukumrudisha.

Ya jirani aliileta mnunuzi wa maharage, akiwa kwenye kibuyu chake cha pili. "Jirani yako anasema binti alichomwa mwiba, akalala siku mbili, sasa mzima," alimwambia mama. "Ila anasema mwiba mmoja, siku mbili kitandani, huo uvivu kaurithi kwa mama yake."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Mwiba ni mwiba na siku mbili ni siku mbili," aliniambia. "Matusi kaongeza yeye. Unapepeta, maharage yanabaki. Jiandae, gulio lijalo tunakwenda Nkwenda."

Nilikasirika sana. Nilitaka msema kweli awe mshenga, au hata shangazi na sukari yake, mtu yeyote asiyekuwa yule mwanamke wa mpakani.

Nkwenda tulielekezwa nyuma ya ghala la kahawa. Mke alikuwepo uani, anasugua masufuria, mtoto mgongoni. Alimwamkia mama shikamoo, akatuwekea vigoda, akatuletea kahawa ya kutafuna, kama wageni wanavyostahili. Akauliza habari za tutokako, mama akajibu ni nzuri. Kwetu habari huwa nzuri hata nyumba ikiwa inaungua.

Aliposikia tumetoka Kihanga, alimfunga mtoto upya mgongoni. Alikuwa mdogo, pengine rika langu.

"Mama, nasikia mume wangu anaposa huko," alisema. "Mwenyewe anakataa. Mshenga wake anakataa. Wengine wanasema ni kweli. Sijui nimwamini nani."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mama alitafuna kwanza.

"Ilikuwa kweli, mwanangu," alisema. "Imeisha leo. Na usiniamini mimi, binti mwenyewe huyu hapa, muulize."

Aliniangalia. Nilimwambia imeisha, na nilipolisikia neno hilo kwa masikio yangu ndipo na mimi nikaamini. Tulirudi nyumbani kwa lori, nikalia njia nzima, mama akinishikia kitenge upepo usikichukue, bila kunipa hata methali moja. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Kesho yake alijaza kibuyu kikubwa cha rubisi, akaniambia nimpelekee jirani. Nilivuka mramula kwa tahadhari. Jirani alipokea kwa mikono miwili, hakuuliza tumekuta nini Nkwenda. Alionja, akakunja uso.

"Imechacha," alisema.

Nilirudi mbio kumweleza mama, nikijua kabisa kwamba ugomvi umezaliwa upya. Mama alichota kwenye mtungi ule ule, akaonja, akaonja tena.

"Kweli imechacha," alisema, akaumwaga mtungi wote.