Siku Tulipovuka Mto

Maharage yakishika chini ya sufuria, mimi navuka mto. Harufu ile ikinifikia tu, nasikia maji baridi yakinigusa nyayo, mgongo wa babu umelowa jasho chini ya kifua changu, na nyuma yetu moto unakula nyumba. Nakaa Walikale siku hizi, lakini pua yangu haijahama Kalembe.

Hadithi ilikuwa ya Koko, bibi yangu. Aliisimulia mchana, tukichambua maharage mlangoni, na siku zote alianzia palepale: sufuria ilikuwa motoni, risasi zikalia nyuma ya nyumba, wala hakuna aliyewaza kuiepua. Kisha mto. Kisha alipogeuka, mtu amesimama penye ua wetu, amevaa pulovere nyekundu, ameshika kamba ya mbuzi wetu. Ole wake aruke kitu! Wajukuu tulimkatiza: "Na mbuzi, Koko? Umesahau mbuzi!" Alicheka, akarudi nyuma kidogo, akamleta mbuzi. Tulikimbia, alisema, tulilala mu pori, tulikula majani. Mwaka hakuutaja kamwe, na sisi hatukuuliza.

Nilipokuwa na miaka tisa, Papa Fidele wa ng'ambo ya mto alirudi na familia yake kutoka walikokimbilia. Binti yake Neema tuliketi naye benchi moja shuleni. Mchokozi yule! Aliniibia karanga mfukoni, kisha akanigawia karanga zangu mwenyewe kwa heshima zote, kama mgeni. Nilimpenda sana. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na siku za baridi alivaa pulovere nyekundu.

Alichotaka ni kurudishiwa shamba lake, ambalo watu wa upande wetu walikuwa wakililima miaka yote ile. Chefu wa kijiji akaita watu nyuma ya kanisa, baada ya misa, waamue kwa kunyoosha mikono. Koko hakuja, magoti yalimsumbua. Baba mmoja akapayuka kwamba watu wa ng'ambo ndio waliotuchoma, na huyu alikuwa nao. Papa Fidele akasimama, kofia mkononi.

"Nani aliniona? Aseme hapa, mbele ya watu."

Wakubwa waliangalia viatu vyao. Na mimi, jamani, mimi niliyeogopa hata kujibu swali darasani, nikapanda juu ya benchi.

"Miye nilikuona. Ulivaa pulovere nyekundu. Ulishika mbuzi yetu na kamba."

Sikudanganya. Nawaapia, nilimwona, kama ninavyoiona mikono yangu hii.

Papa Fidele akanisogelea. "Mutoto, uko na miaka ngapi?"

"Tisa."

Akawageukia watu. "Basi, muhesabu."

Hakuna aliyehesabu. Mama mmoja alishaanza kulia, mwingine akapiga kelele, "Hata mutoto anamujua!" Mikono ikapanda kumnyima shamba. Mwalimu wetu, aliyetuchapa kwa ajili ya hesabu, alinyoosha wake pia.

Neema alinisubiri njiani.

"Ulimuona papa kweli?"

"Njo yeye. Nilimuona."

Hakunitukana. Kabla ya wiki kwisha walipakia magodoro yao kwenye lori la kwenda Sake, na sikumwona tena. Nyumbani nilisifiwa, nikapewa paja la kuku. Nililila lote.

Miaka ikapita. Nilikwenda kujiandikisha kupiga kura, na karani akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nilimtajia, naye akaiandika, na hapo ndipo nilipohesabu. Kwa mwaka niliokuja kuusikia kwa wengine, Kalembe iliungua miaka mitatu kabla sijazaliwa. Nikashindwa hata kutia sahihi.

Nilirudi kwa Koko. Alikuwa mlangoni anachambua maharage kwa vidole tu, maana macho yalishazimika.

"Koko, yule wa pulovere alikuwa Papa Fidele?"

"Sikuona sura yake, mama. Alinipa mugongo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekwisha kusema wewe. Na watu walifurahi."

Nilimkasirikia sana. Leo hasira hiyo siielekezi tena kwake peke yake. Wakubwa wale wote walijua kuhesabu. Waliogopa kweli, hilo siwanyimi, lakini na shamba lilikuwa zuri, na mimi nikawapa sababu. Baya zaidi ni hili: mpaka leo nikiona orodha ya wakandida wa kupigiwa kura, sijasoma chama wala ahadi, natafuta kwanza mtu ametoka kilima gani. Najua nilichomfanyia baba wa Neema, na bado mkono unayaruka majina ya ng'ambo. Naona haya kuwaambia, lakini ndivyo ilivyo.

Juzi maharage yangu yaliungua tena. Mwanangu wa miaka sita, aliyezaliwa hapa Walikale na hajakanyaga Kalembe hata siku moja, alikuwa mlangoni anamsimulia mwenzake wa jirani.

"Siku tulivuka mto, maji ilikuwa baridi sana. Nikageuka, nikaona nyumba yetu inaungua."

Nilisimama na mwiko mkononi. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga miaka: mwanangu, hukuwapo, na mimi sikuwapo. Nikafungua mdomo.

"Na mbuzi?" nikamwambia. "Umesahau mbuzi."