Rangi ya Chipukizi

Katika Ekegusii, lugha yetu Wakisii, haya na aibu ni neno moja: ensoni. Nimeishi na neno hilo tangu nilipoolewa Kebirigo, nikidhani nalijua. Mkaza mwana hakai karibu na baba mkwe wake, hampi mkono, hataji habari za mwili wake. Macho ya mzee yakififia, mimi sijaona kitu. Hiyo ndiyo adabu yetu, na nimeishika vizuri kuliko ninavyoishika kazi yangu.

Kazi yangu, mjini Kisii, ni kukagua tovuti ili hata mwenye macho dhaifu aweze kuzisoma. Kwenye kompyuta nina kifaa ambacho alama yake ni mrija mdogo wa kudondoshea dawa. Unagusa herufi, unagusa rangi iliyo nyuma yake, nacho kinakuambia zimeachana kiasi gani. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike nne na nusu kwa moja. Kifaa hicho hakijui ukwe.

Kanisa letu la nyumbani liliponiomba tovuti ya masomo ya Sabato, nilivimba kichwa. Nikapiga picha michai ya baba mkwe shambani, nikavuta rangi ya chipukizi kwa mrija ule ule, kijani changa inayokaribia unjano, nikaandikia masomo yote juu ya weupe. Ilikuwa heshima yangu kwake, maana kumwambia kwa mdomo kwamba nampenda siwezi. Kifaa kikasema haifiki hata mbili. Nikakifunga. Kwenye skrini yangu kubwa ilipendeza, jamani, ilipendeza! Mama mkwe akamwambia mzee kwamba ile ni rangi ya chai yake, naye akalitangazia kanisa zima kuwa kazi hiyo ni ya mkaza mwana wake.

Sabato ile tulikuwa na kwaya ya wageni kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo somo likawa la Kiswahili. Paa la kanisa lilikuwa linatengenezwa, tukaketi nje juani. Mzee akasimama na simu. Amekuwa msomaji wa kanisa tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akaiinamisha. Mwanakwaya mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwani huyu mzee hajui kusoma?" Wakacheka chini chini.

Kitabu cha somo nilikuwa nacho mkobani. Lakini mkaza mwana amsogelee baba mkwe mbele ya watu wote? Miguu ilikataa, nami nikajiambia kwamba ni haya. Haikuwa haya. Niliogopa kwamba nikienda, watu watajua kilichoharibika ni rangi yangu.

Mzee akainua uso. Hakunitazama. "Mnisamehe," akasema. "Simu imezima. Jana nilisahau kuchaji."

Skrini ilikuwa inawaka mkononi mwake, niliuona weupe wake kutoka nilipokaa. Huyu mzee, asiyekubali hata jani moja la chai lichumwe Sabato, alisema uongo mbele ya kanisa, Sabato hiyo hiyo, kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mpaka leo nikikumbuka, uso unanichoma.

Kesho yake nilirudi kwenye kompyuta, nikaikoleza ile kijani mpaka ikawa ya majani yaliyokomaa, yale tusiyochuma. Kifaa kikakubali. Msamaha sikuweza kuomba. Ningeuombaje bila kutaja macho yake?

Sabato iliyofuata alisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Jua lilipozama nilikuwa jikoni nikisonga ugali, mama mkwe akaingia, akasimama karibu na meko.

"Mama," akasema, "mzee ameniambia nikuambie ile simu yake imepona."

Sikuinua kichwa kutoka kwenye sufuria.

"Mwambie nimesema pole," nikamjibu. "Pole sana kwa simu."