Shati Jekundu Lenye Vifungo vya Kike

Kinyozi anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema gari jeupe lilikuja mbio, polisi wa kuigiza wakilifukuza, likaruka mtaro wa machimbo na kutua ng'ambo kama paka. Mlango ukafunguka, akashuka dereva wa lori wa mtaa huu huu, akaomba maji ya kunywa.

"Yule mwigizaji wao alikuwa kivulini, anapepewa," anasisitiza, mkasi ukiwa hewani. "Aliyeruka ni mume wa Mama Sindano. Mkubali, mkatae."

Kwa miaka thelathini na minne, tangu picha ile ya sinema, ya kufukuzana, ipigwe hapa, Mama Sindano amekuwa akimcheka jirani yake huyo. Leo asubuhi hacheki.

Yuko kibarazani, mguu kwenye kanyagio la cherehani, anashona kitambaa kizito, kirefu kiasi, chenye pembe nne. Wateja wawili wameuliza ni kitu gani. Wote amewajibu, "Kitajulikana."

Sare za shule za mtaa mzima hupita mikononi mwake. Ana miaka hamsini na sita, na uzi huupitisha kwenye sindano huku akiongea na mtu mwingine. Lakini picha ilipokuja kupigwa alikuwa bado anajifunza kazi, na alichokijua vizuri ni blauzi.

Watu wa picha walitaka mashati mekundu ya mwigizaji, yafanane yote. La mwisho alilishona usingizi umemzidi, ana mimba ya kwanza. Mkono ukaenda ulikozoea: vifungo akavitia kushoto, kama blauzi ya mwanamke.

"Yule msimamizi wa nguo alilishika akacheka mpaka akakaa chini," anakumbuka. "Akaniambia, hili mpelekee mumeo. Nikampelekea. Akalivaa mpaka likachanika, na kinyozi kila siku, 'Shemeji, leo umeazima nguo ya mkeo?'"

Mume wakati huo alikuwa akiwabebea watu wa picha vyombo vyao. Mwaka uliotangulia, kaka yake Mama Sindano alikuwa amefariki kwenye ajali ya gari. Ndiyo maana alimkalisha mumewe na kumwomba: gari la kuruka asiliguse.

"Akaniahidi. Jioni akarudi, nikamuuliza. Akasema, 'Mimi nilishika ndoo tu, mama.' Nikalala."

Picha yenyewe hakuwahi kuiona. Ilipoonyeshwa alikuwa na mtoto mchanga, na baadaye maisha yakamshika. Jumapili iliyopita ukumbi wa mtaa ukaionyesha tena. Akaenda na kinyozi na mke wa kinyozi. Mume alikuwa safarini.

Anasema filamu imezeeka. Magari yanakimbia polepole kuliko alivyosimuliwa, na watoto waliokaa mbele walicheka pasipotakiwa. Kisha gari jeupe likaelekea mtaroni. Uso wa dereva ulifunikwa na kofia, lakini kifua kilijaa kwenye skrini yote.

"Vifungo kushoto," anasema. "Shati lile nililishona moja tu."

Ukumbi mzima ukashangilia. Kinyozi akamgeukia aseme neno, akamwona uso, akarudisha macho kwenye picha. Mke wa kinyozi ndiye aliyemshika mkono mpaka nyumbani.

Hasira, anasema, imekwisha. Mtaro ule walishauvuka. Kinachomkosesha raha ni ahadi nyingine, ya juzijuzi. Mume ana miaka sitini na mitatu, bado anasafirisha saruji, na macho yameanza kufifia. Alimwahidi mkewe kwamba jua likizama anaegesha, analala, na mwisho wa mwaka anaacha kabisa.

"Na hili nalo nililiamini," anasema, akikata uzi kwa meno.

Anataka waje wakae wote wawili kibarazani, yeye na cherehani, mume na redio yake, wagombane juu ya sauti. Hana mpango mkubwa kuliko huo.

Mume anatoka ndani na kikombe cha chai, anaketi kwenye ngazi. Anakitazama kitambaa kilichokwisha kujazwa sufi na kuwa mto mnene wa kukalia.

"Huo wa nani?"

"Wangu. Kiti cha abiria cha lori lako kimechakaa, mgongo wangu si wa kuchezea."

"Unakwenda wapi?"

"Picha nimeiona, baba watoto. Nimekuona ukiruka."

Kikombe kinasimama nusu ya njia. Ng'ambo ya barabara mkasi wa kinyozi nao umetulia.

"Sikugombi," Mama Sindano anasema taratibu. "Safari ya kesho nichukue. Nataka nikae pembeni yako jua likizama."

Mume anaweka kikombe chini. Anatoa funguo mfukoni, anazigeuza geuza kiganjani, kisha anainuka na kwenda kulizunguka lori lililoegeshwa mbele ya nyumba, akigonga tairi moja baada ya jingine kwa ncha ya kiatu, kama afanyavyo kabla ya kila safari.

Mama Sindano anaukung'uta mto vumbi la sufi na kuuweka juu ya ngazi, pale mumewe alipokuwa ameketi.